Mifugo ya Bwawa la Tatu

Kituoni, 4 Machi

Dada,

Shikamoo. Chupa zako nne zimefika salama, barafu haijayeyuka yote, na barua yako imelowa pembe moja tu. Mama wa Maabara alinipa kwa vidole viwili akasema, "Posta yako hiyo." Bado anashangaa kwa nini ndugu wawili wenye simu wanaandikiana kupitia kasha la maji ya mto. Nikamwambia dada yangu kwenye simu husema maneno mawili akakata, lakini mpe karatasi umwone.

Habari ya kwanza: nimepewa usimamizi wa zamu. Wanaume saba na mashine tatu za kupuliza hewa, wote chini yangu. Pongezi nitazipokea kwa barua.

Uliniuliza hao tunaowaita mifugo ni kina nani. Sikiliza basi, shule ni bure. Majitaka yanaingia kwetu kama yanavyotoka majumbani. Wavu wa vyuma unakamata matambara na mifuko, na juzi ulikamata kiatu cha mtoto, cha kushoto. Mchanga unazama. Halafu kuna bwawa la kutuama, uchafu mzito unakaa chini. Yanayobaki yanaonekana mepesi, ila ukiyaachia hivyo hivyo mto wako unakufa kwa wiki. Ndipo yanapoingia bwawa la tatu. Humo mna tope la rangi ya kahawa, na ndani ya tope mna viumbe wasioonekana kwa macho. Tunawapulizia hewa mchana na usiku, wao wanakula uchafu. Wakishiba wanazama, maji safi yanabaki juu, tunayatia klorini kidogo kwenye mlango wa kutokea, yanakuja kwako. Mzee aliyenifundisha kazi aliwaita mifugo, na jina likaganda. Alikuwa akisema mfugaji asiyenuka zizi ni mwizi wa ng'ombe.

Na hapo ndipo penye donda langu. Tarehe 12 madiwani wanakuja kutukagua, na mmoja wao ni baba wa mchumba wangu. Yeye anajua mimi ni "afisa wa maji." Sikumdanganya, dada, nilikata tu sentensi kabla haijaisha. Unakumbuka wale wa posa ya kwanza walivyosema, kwamba binti yao hawezi kuolewa na mchota vinyesi? Naoga mara tatu kwa siku na bado kwenye basi kiti cha pembeni yangu hubaki kitupu. Bwawa la tatu likiamka vibaya asubuhi, hata kunguru hawalisogelei. Mzee akisikia ile harufu, posa imekwisha. Niombee.

Mdogo wako,
Kitinda

*

Kwenye kipimo, 9 Machi

Kitinda,

Marahaba. Hongera, msimamizi wa zamu! Nilisoma barua yako kwa sauti na aliyenisikia ni mbuzi wa jirani tu, lakini hata yeye alitikisa kichwa.

Ila acha huo upuuzi wa harufu. Mama alituacha wewe ukiwa na miaka miwili. Aliyekutawaza ni mimi, aliyefua nepi zako ni mimi, nami sijakimbia. Mwanamume anayesafisha uchafu wa mji mzima hana cha kuonea haya mbele ya diwani, ambaye na yeye, nina hakika, huenda chooni. Mwambie ukweli na mambo yaishe.

Mimi niko palepale. Saa kumi na mbili asubuhi nashuka ngazi, nasoma ubao, naandika kina cha mto. Leo mita moja na sentimita arobaini. Kila wiki mbili nachota chupa zenu. Wenye bustani wanamwagilia, watoto wa shule wanaogelea kwenye kona, wafuaji wa kliniki wanaanika mashuka yao kwenye mawe. Ukiuliza kazi yako ni nini, njoo ukae hapa saa moja, utaiona inapita.

Ubao wangu umepakwa rangi upya. Namba zilikuwa zimefutika, nikawaandikia wakubwa mara tatu, wapi. Basi Buluu akaleta brashi yake. Nilishakwambia, yule fundi wa kutia rangi vitambaa mwenye mikono ya buluu hadi kwenye viwiko. Ndiye anayenibebea kasha hadi kwenye basi. Juzi aliniuliza kama kazi ya kusoma kipimo inahitaji mtu mmoja au wawili. Nikamwambia wanaajiri mmoja. Akasema wa pili atajitolea.

Miaka tisa ya ujane, Kitinda, na bado nilishika mashavu kama msichana. Usimwambie mtu.

Dada yako

*

Kituoni, 14 Machi

Dada, dada, dada,

Funika kombe mwanaharamu apite! Wamekuja, wametazama, wameondoka, na hakuna hata mmoja aliyeshika pua. Mzee alizunguka bwawa la tatu mikono nyuma, akauliza maswali ya akili, kisha akanishika mkono kwa mikono yake yote miwili mbele ya watu wangu saba. Akasema hakujua kazi ya maji ni pana hivi. Barua ya posa tuipeleke mwisho wa Aprili. Dada, jiandae, utavaa vizuri.

Unauliza harufu ilikwenda wapi? Alfajiri ile nilitumia akili kidogo, nikamwaga klorini bwawani kabla wenzangu hawajaja. Harufu ikafa papo hapo, pakanuka kama hospitali. Bwawa linatoa povu jeupe sasa, litatulia.

Msalimie shemeji. Samahani, nilitaka kusema fundi.

Kitinda

*

Kwenye kipimo, 18 Machi

Kitinda,

Sitaandika mengi. Mto unaumwa.

Ulianza siku ya kumi na tano. Maji yamekuwa ya kijivu na yana harufu ya yai bovu. Jana asubuhi niliposhuka nilikuta kambale juu ya maji, midomo wazi, wanatweta. Kambale, ambaye hata matope yakikauka anaishi. Mchana walikuwa wameelea. Watoto watano wametokwa na vipele, na kliniki imekataza mashuka kufuliwa.

Watu wanamtaja Buluu. Wiki hii alikuwa na kazi kubwa ya vitambaa vyeusi vya sare, na kila mtu alimwona akimwaga mapipa yake. Yeye anasema maji anayochota juu ya kiwanda chake, kabla hajayagusa, yalishakuwa mabaya. Anasema hivyo mara moja tu halafu ananyamaza, unamjua mtu wa namna hiyo. Watu wanaona kimya chake ndio ushahidi.

Kikao cha mtaa ni Jumamosi ya tarehe 27. Wamesema anayemwaga sumu atafungiwa kiwanda na kuondolewa. Nimekuletea chupa nne nje ya zamu: mbili nimechota juu ya kiwanda cha Buluu, mbili chini yake. Nimeziandika. Mama wa Maabara azipime mara moja. Za juu zikiwa safi, basi ni yeye, nami nitameza. Zikiwa chafu, ameokoka.

Na huko kwenu je, kila kitu kiko sawa? Nauliza tu.

Dada yako

*

Kituoni, 21 Machi

Dada,

Shikamoo. Pole sana kwa yaliyotokea huko.

Chupa kwa bahati mbaya zimevunjika njiani, maji yote yamemwagika ndani ya kasha. Usihangaike kuleta nyingine kwa sasa, maabara inafanyiwa ukarabati hadi mwezi ujao.

Huku kwetu mambo ni safi. Maji yanayotoka kituoni yanapimwa kila siku na vipimo viko sawa. Tafuteni huko huko kwenu. Hawa watia rangi hutumia dawa kali, na si wote wanaosema kweli.

Nina kazi nyingi, nisamehe kwa ufupi.

Mdogo wako

*

Kwenye kipimo, 29 Machi

Kitinda,

Barua yako niliipata tarehe 23. Kuhusu chupa, nimekusikia.

Kikao kilikuwa darasani, watu hadi madirishani. Mwenyekiti alisema, "Mama wa kipimo ana ndugu kituoni, atuambie." Nikasimama nikaisoma barua yako, mstari kwa mstari, kuanzia "chupa kwa bahati mbaya zimevunjika" hadi mwisho. Sikuongeza neno. Watu walipiga makofi, sijui kwa nini watu hupiga makofi mahali kama hapo.

Buluu aliulizwa kama ana la kusema. Akasema, "Kama ameisoma yeye, basi." Akatoka.

Vijana walitangulia kiwandani kwake. Walipindua mapipa yote kumi na moja, wakakata kamba za kuanikia. Vitambaa vya sare vilibaki vimelala chini, vikikanyagwa. Mwenyekiti akafunga mlango kwa kufuli la shule. Jumapili asubuhi nilipokwenda kusoma ubao, Buluu alikuwa ameshaondoka. Wanasema yuko kwa kaka yake, mji wa pili kutoka hapa.

Maji bado ya kijivu. Watu wanasema ni mabaki, yataisha.

Wifi yangu hajambo? Posa iko palepale?

Dada yako

*

Kituoni, 2 Aprili

Dada,

Sijalala vizuri tangu barua yako ifike, lakini usinihurumie, sijaandika kwa ajili hiyo.

Ni mimi. Si Buluu. Mto wako nimeuua mimi.

Nilikwambia "klorini." Yalikuwa madumu kumi na mawili, dada, ya lita ishirini kila moja, akiba ya miezi miwili. Ile dawa kazi yake ni kuua, tunaitia tone kwa tone mlangoni, baada ya mifugo kumaliza kazi yao. Mimi niliwamwagia wakiwa hai. Harufu niliyoionea haya ilikuwa pumzi yao. Siku ya tatu Mama wa Maabara aliweka tone la tope kwenye darubini, akatazama muda mrefu, akasema, "Hakuna anayetembea." Akanipisha nitazame. Nilikuwa nimezoea kuwaona wakihangaika humo kama watu wa sokoni. Palikuwa kimya.

Tangu siku hiyo majitaka ya mji mzima yalikuwa yanaingia upande huu na kutokea upande ule vilevile yalivyo. Mama wa Maabara alidhani kiwanda fulani kimemwaga sumu kwenye mabomba, akaanza kuandika barua kila mahali kumtafuta mwenye kosa. Alikuwa akinisomea rasimu zake anisikie nasemaje. Nami nilikuwa namsahihishia! Meneja akasema tusitangaze kitu mpaka mkosaji apatikane. Mkosaji alikuwa amekaa naye meza moja.

Kisha kasha lako likaja. Nilikuwa peke yangu pale mapokezi. Nikasoma barua yako, nikaona ulivyoandika "juu" na "chini" kwa mwandiko wako, nikazifungua zote nne nikazimwaga kwenye sinki. Nilijua zile mbili za juu ndizo zingemwokoa yule mtu. Nilijua, dada. Nataka ujue kwamba nilijua.

Nilifikiri mtabishana wiki mbili mto upone. Sikufikiri utaisoma barua yangu mbele za watu. Mapipa kumi na moja! Mtu ambaye nilikuwa namwita shemeji kwa utani.

Leo nimewaambia Mama wa Maabara na meneja. Tope hai lilishaanza kuletwa kwa malori tangu tarehe 25, kutoka kituo cha mji wa jirani, na mifugo wapya wanaanza kushika. Maji yatakuwa mazuri katika wiki moja au mbili. Mama wa Maabara hakunitukana. Alichukua zile rasimu zake akazichana mojamoja, polepole, mbele yangu, na mimi nikaokota vipande.

Sijui nikuombe nini. Sistahili kuomba.

Kitinda

*

Kwenye kipimo, 5 Aprili

Nimesoma.

Jumamosi tarehe 10 kuna kikao. Utakuja. Utavaa sare yako ya kazi, ile unayoificha ndani ya mfuko ukipanda basi, na utasimama mahali niliposimama mimi. Kabla ya hapo utakwenda kwa baba mkwe wako ukamwambie kwa mdomo wako, asije akasikia barabarani.

Nilikulea kwa mikono hii. Sikukulea uwe mtu wa kumwaga maji ya mwenzio kwenye sinki. Hasira niliyo nayo nikiianza hapa karatasi haitatosha, na isitoshe si yote ya kwako.

Wali wako utaukuta, usidhani utalala njaa kwangu. Lakini usinichekeshe ukifika.

Dada yako

*

Nyumbani, 14 Aprili

Dada,

Nimefika salama. Nimesimamishwa kazi hadi kamati ikae, ndiyo maana naandika nikiwa nyumbani, na barua hii inakuja kwa posta ya watu wote.

Ahsante kwa kunipokea. Nilidhani watu watanipiga. Yule mama mwenye bustani aliponiuliza, "Sasa wewe, ulikuwa unaona haya ya nini?" nilitamani angenipiga. Nilimwambia nilionea haya harufu. Watoto wakacheka, wakubwa hawakucheka. Nimeahidi kurudi kusimamisha mapipa yale kwa mikono yangu, na nitarudi, Buluu awepo asiwepo.

Kwa baba mkwe nilikwenda kabla, kama ulivyoniagiza. Alinisikiliza hadi mwisho. Akasema, "Kijana, nilikuja kukagua majitaka. Ulidhani nilitegemea yanukie waridi?" Akaenda zake ndani. Mchumba wangu amesema nisimpigie hadi yeye anipigie. Simu naiweka karibu, haijalia. Nimejitakia.

Sasa, dada, kuna jambo. Niliporudi nilipita kituoni kuchukua vitu vyangu. Mama wa Maabara alikuwa anaosha vyombo, nikamweleza jinsi nilivyokudanganya kwamba chupa zimevunjika. Akasimama na brashi mkononi, akanitazama kama mtu aliyechanganyikiwa. Akasema, "Zimevunjika? Zimevunjika vipi? Tangu Januari mto wa chini tumewapelekea chupa za plastiki."

Mimi sishughuliki na chupa, sikuwahi kuzitazama. Hata siku ile nazimwaga niliona mwandiko wako tu. Lakini wewe ndiye unayezichota.

Darasani kila mtu alikuwa anakupa pole. Dada wa watu amedanganywa na ndugu yake. Nawe ulikuwa umeinamisha kichwa, nikadhani ni kwa ajili yangu.

Dada, siku uliyosimama kusoma barua yangu, ulikuwa unajua?

Kitinda

*

Kwenye kipimo, 17 Aprili

Ndugu Buluu,

Anwani nimepewa na yule mfanyabiashara aliyekuletea vitambaa vya sare. Alikataa mara mbili, kisha akanipa. Usimlaumu.

Utakuwa umeshasikia kwamba mdogo wangu alikuja, akasema yote. Mwenyekiti ametoa kufuli. Kambale wadogo wameonekana kwenye kona, na leo maji ni mita moja na ishirini, unaona mawe ya chini. Watu wanataka urudi na wanaona aibu kukuandikia. Hayo ni ya kwao.

Ya kwangu ni haya. Mdogo wangu aliungama yake, watu wakayachukua kama yote. Tangu siku hiyo napewa pole. Jirani ameniletea kuni. Mama wa bustani ameniletea mboga, akanishika bega, akasema, "Damu yako mwenyewe ikudanganye hivyo!" Nilipokea mboga. Zimenyauka, sijaweza kuzipika.

Sikudanganywa, Buluu. Barua yake ilifika tarehe 23. Ilisema chupa zimevunjika. Niliisoma nikacheka kwanza, nikidhani ni kosa la mwandiko. Halafu nikaenda stoo, nikachukua chupa tupu, nikasimama juu ya ngazi za kipimo nikaiachia. Iligonga ngazi ya kwanza, ya pili, ya tatu, ikaruka mpaka majini, nzima. Nilikaa pale hadi jua likawa kali. Nilimlea mtoto yule, namjua akidanganya hata kwa mgongo. Nikajua maji yale yalitoka wapi. Na ile barua yake ya klorini, niliyoichekelea, nikaielewa.

Nilikuwa na siku nne. Siku nne nilipita mbele ya kiwanda chako asubuhi na jioni, na ulinisalimia zote nane.

Nilijiambia mengi. Kwamba posa ya kwanza ilivunjika na hii ikivunjika hataoa tena. Kwamba nilimwahidi mama. Lakini la chini kabisa, ambalo sijawahi kulisema, ni hili: nilipima kati yenu wawili kama ninavyopima kina. Yeye akianguka, nitaanguka naye. Wewe huna ndugu hapa, na hujawahi kunikasirikia hata siku moja. Nikaona utavumilia. Nilikuchagua wewe kwa sababu ya wema wako. Mtu anaweza kutenda jambo kama hilo na kesho yake akaamka, akashuka ngazi, akasoma namba ulizozipaka.

Darasani ulinitazama tangu niliposimama. Nililiona hilo kwa pembe ya jicho. Mimi nikaitazama karatasi, na nilipomaliza kusoma nikaendelea kuitazama ingawa hapakuwa na neno jingine. Makofi yale niliyapokea.

Mdogo wangu ameniuliza kama nilijua. Sijamjibu. Jibu ni lako kwanza.

Jumamosi tarehe 24 kuna kikao tena, cha mambo ya mifereji. Nimeshaandika kwenye karatasi nitakayowasomea, na nitaisoma, uwepo usiwepo. Aibu ya maiti aijuaye mwosha, wanasema, na mimi nimechoka kuwa maiti na mwosha. Sikuombi unisamehe wala sikuombi urudi. Ile kazi ya kujitolea, nimeifuta mwenyewe, usione vibaya kuwa nimekutangulia.

Mimi,
msoma kipimo

*

21 Aprili

Mama wa kipimo,

Barua imefika. Nimeisoma mara moja, sikuweza mara ya pili.

Mapipa si kitu, bati hupondwa likanyooka. Vitambaa vile vya sare nilivilipia jasho, lakini navyo si kitu. Mimi nilikuwa nimekaa darasani nikisubiri unyanyue uso. Nilijisemea akinyanyua uso tu, hata akisema ni mimi, nitabaki. Basi.

Kwamba ulijua, nilikuwa nimeshajua. Kasha lile nililibeba mimi hadi kwenye basi. Chupa nilizipanga mimi, wewe ukishika tochi. Nilipokusikia unasoma "zimevunjika" nilielewa yote, kwako na kwa mdogo wako. Ningeweza kusimama nikasema hizo chupa ni za plastiki, darasa zima lingegeuka. Sikusema. Nilitaka useme wewe. Nimekaa huku kwa kaka yangu nikijiona mtu mwema, kumbe watoto wanatokwa na vipele na mimi nimefunga mdomo ili nione kama utanipenda. Kwa hiyo na mimi nina yangu ya kusema pale.

Kama nimekusamehe, sijui. Sitaki kukudanganya, tumedanganyana vya kutosha.

Jumamosi nitakuwepo. Nitakaa mbele. Ile karatasi uliyoandika, iache nyumbani. Sema. Na ukifika penye jina langu, unitazame.

Buluu